Karo ya Mtoto wa Mitahato

Kila mzazi wa shamba aliyepata kumpeleka mtoto katika shule ya sekondari nchini Kenya ajua ya kuwa uzito wa karo hauko katika wingi wa fedha peke yake. Uko pia katika siku ya kudaiwa. Mkulima mdogo wa kahawa hulipwa na chama chake cha ushirika miezi mingi baada ya kuchuma, na shule hufungua milango mara tatu kwa mwaka. Basi mtoto ambaye baba yake atapata fedha katikati ya mwaka hufukuzwa mwezi wa kwanza, akarudi nyumbani na sanduku lake la bati kichwani. Akikaa nyumbani majuma matatu, wenzake wamekwisha mtangulia katika hesabu. Akikaa muhula mzima, huenda asirudi kabisa.

Yafaa jambo hili likumbukwe na kila atakaye kufahamu habari ya Bwana Chris Mburu, mwana wa kijiji cha Mitahato katika Kiambu. Alizaliwa katika umaskini, akawa hodari wa masomo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, lakini wazazi wengi waliona michango ya majengo ikishika mahali pa ile karo iliyoondolewa, na karo ya sekondari haikuguswa. Mtoto wa namna hii, hata akiwa wa kwanza darasani, mwisho wa safari yake ulikuwa ukionekana mapema: kuchuma kahawa katika mashamba ya watu wengine.

Akajitokeza mtu wa mbali, Bibi Hilde Back, aliyekuwa akiishi katika mji wa Västerås nchini Sweden. Kwa njia ya mpango wa ufadhili alikubali kumlipia mtoto mmoja wa Kenya, akaleta fedha muhula baada ya muhula, nao wakaandikiana barua. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba hazikukatika. Mpaji anayetoa fedha nyingi siku ya sherehe, mbele ya watu, kisha asionekane tena, humwacha mtoto katikati ya mto. Na wapaji wa namna hiyo ni wengi.

Bwana Mburu akamaliza sekondari, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, akaajiriwa na Umoja wa Mataifa katika kazi ya kutetea haki za binadamu. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwalipia karo watoto maskini wenye akili, akaupa jina la mfadhili wake, ingawa hakuwa amemwona kwa macho. Kwa msaada wa ubalozi wa Sweden mama huyo akatafutwa, akapatikana. Bwana Mburu alikuwa amemdhania kuwa tajiri. Kumbe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye maisha ya kawaida, asiye na mtoto wake mwenyewe. Tena alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922, akakimbilia Sweden angali kijana ili kujiokoa na utawala wa Hitler. Wazazi wake hawakupata njia ya kumfuata, wakafia katika kambi za Wanazi. Alipofika Kenya, watu wa Mitahato walimpokea kwa nyimbo, wakamheshimu kama mzee wao.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kulipia watoto wa wengine ni desturi iliyoletwa kwa meli. Watu wa Kiambu hawa hawa, na wenzao wa wilaya jirani, walichanga fedha zao kwa ajili ya chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 shule za Harambee zilijengwa nchini kote kwa mawe na senti za wanakijiji. Shida ni kwamba Harambee ilikuwa hodari wa kujenga darasa kuliko kumweka mtoto maskini ndani yake.

Mfuko wa Bwana Mburu ulikutana na shida nyingine, nayo ni ya kuchagua. Filamu iitwayo A Small Act, iliyotengenezwa na Bibi Jennifer Arnold na kutolewa mwaka 2010, yaonyesha watoto watatu wa kijijini wakingojea matokeo ya mtihani wa KCPE, mtihani uliofanywa mwisho wa darasa la nane mpaka mwaka 2023. Waombaji walikuwa wengi, fedha chache, na alama ndizo zilizoamua. Ni vigumu kuilaumu kamati: kama haikushika alama, ingeshika nini? Undugu? Machozi ya mama? Lakini mtoto aliyesoma kwa koroboi, baada ya kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe, alipimwa kwa karatasi ile ile aliyopewa mtoto wa mjini mwenye taa ya umeme na mwalimu wa jioni. Alama chache zilizompungukia huenda zilikuwa ni za mafuta ya taa.

Tangu mwaka 2008 Serikali ya Kenya imekuwa ikilipa gharama za mafunzo katika sekondari za kutwa, na jambo hilo limewafaa wengi. Sare, chakula cha mchana, na godoro kwa yule wa bweni, vingali juu ya mzazi. Bibi Back alifariki mwezi wa Januari mwaka 2021, umri wake miaka 98, naye alikuwa amekwisha kuwaona baadhi ya watoto waliosoma kwa jina lake.