Wakala akiuzwa, mpiga picha haulizwi

Wakala wa picha hauzi mali yake. Huuzia magazeti na watangazaji haki ya kutumia picha za wengine, kisha humlipa mwenyewe mrabaha. Hata hivyo, wakala anapobadili mikono, mwenye picha haitwi mezani.

Mwaka 2006 Getty Images ya Marekani ilinunua iStockphoto ya Kanada kwa dola milioni 50. Mpiga picha asiyefungwa kuuza hapo peke yake alikuwa akipata asilimia 20 ya bei. Mwaka 2008 Getty nayo ilichukuliwa na Hellman & Friedman kwa dola bilioni 2.4. Kuanzia 2011, malipo ya wauzaji wadogo wa iStockphoto yalishuka hadi asilimia 15.

Januari 2025 Getty na Shutterstock zilitangaza mpango wa kuungana. Wenye hisa hupenda habari za namna hiyo, kwani kila asilimia anayopunguziwa mpiga picha hubaki kwa kampuni. Lakini ghala hujazwa na mpiga picha huyo huyo. Mrabaha usiporudisha gharama, ataacha kuleta picha mpya. Mnunuzi wa hisa asitazame faida ya mwaka tu. Atazame pia mleta mali anabakiwa na nini.