Masomo ya Mama Yasilipwe kwa Usingizi Wake (Sehemu ya 5)

  

Tangu niseme hapa kwamba nasoma shahada ya uzamili ya uuguzi huku naendelea na zamu, swali linalokuja zaidi ni hili: "Dada nesi, nina mtoto mdogo. Nianze kusoma au nisubiri akue?" Wanaouliza si wauguzi tu. Wapo walimu, maafisa kilimo, watu wa benki. Leo nalijibu kwa urefu, kaeni mkao wa kula.

Jibu langu: anza. Ila masomo hayo yasilipwe kwa usingizi wako.

Watu wakisikia unasoma huku unafanya kazi wanadhani unasoma nusu. Jamani, hakuna nusu hapo. Kazi ni nzima, mtoto ni mzima, na kitabu ni kizima. Tuchukue kalamu tupige hesabu.

Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kulala saa 7 kila usiku ni 49. Darasa la Ijumaa jioni na Jumamosi, tuseme 12. Kusoma na kuandika kazi za chuo, 15. Kupika, kufua, kuogesha, kunyonyesha, kukagua madaftari, weka saa 5 kwa siku, ni 35. Kwenda Dar na kurudi, pamoja na daladala na kusubiri, 8. Jumla 164.

Zimebaki saa 4. Kwa wiki nzima! Hapo hujaenda msibani, hujasuka, hujaenda kanisani wala msikitini, na mtoto hajapata homa.

Sasa mtoto akishikwa na homa Jumatano usiku, saa za kumhangaikia zinatoka wapi? Hazitoki darasani, maana kuna mahudhurio. Hazitoki kazini, maana kuna zamu. Zinatoka kwenye usingizi wa mama. Na nyumba nyingi zinaona ni sawa tu, eti mama ni jasiri.

Mimi nasema si sawa. Nesi asiyelala ndiye anayehesabu dripu. Ndiye anayempima mjamzito presha saa tisa usiku. Ndiye anayetakiwa agundue mapema kwamba huyu aliyejifungua sasa hivi anavuja damu kupita kiasi. Kitandani pale kuna mama wa watu, ana watoto wanamsubiri nyumbani. Uchovu wangu ukimfikia yeye, hilo si suala langu binafsi tena.

Wapo watakaosema: basi subiri watoto wakue. Nawaelewa. Lakini watoto wakikua, wazazi wetu wanazeeka. Ada ya sekondari inakuja, msiba unakuja. Mwaka mtulivu hauji. Tena mtoto mdogo ana faida yake: anahitaji mtu wa kumbeba na kumlisha, na mtu huyo anaweza kupatikana. Kijana wa miaka 14 anakuhitaji wewe mwenyewe, tena siku usiyoijua.

Na utaalamu huu tunauhitaji. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionesha 104. Ni hatua kubwa, na nyuma yake kuna mambo mengi, lakini mojawapo ni mikono yenye ujuzi wodini. Waliobaki kwenye ile 104 ndio wagumu zaidi kuwaokoa. Wanahitaji wakunga waliobobea, na wengi wa wakunga hao ni kina mama kama mimi na wewe. Tukisema mama asisome mpaka watoto wakue, tutawapata lini?

Sasa tuje kwenye kulipa kwa njia nyingine.

Kwanza, chuo. Hapa kwetu tuna SUA na Mzumbe, vyuo vizuri, lakini kwa uzamili wa uuguzi wengi wetu tunatazama Dar, kama MUHAS, au Dodoma, UDOM. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza: darasa ni siku zipi? Mafunzo ya vitendo ni wiki ngapi, na yako wapi? Mafunzo ya vitendo hayajui wikendi. Uliza pia kama utafiti wako unaweza kuufanya mkoani kwako, ukishapata kibali cha maadili. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, safari ni chini ya saa mbili. Imetuokoa. Ila treni haibadilishi nepi.

Pili, kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zidai, si hisani. Na wewe mkuu wa zamu unayenisoma: nesi aliyerudi na treni ya Jumamosi usiku usimpange Jumapili alfajiri. Ratiba ya chuo inajulikana mwezi mzima kabla. Ibandike ukutani pembeni ya ratiba ya zamu.

Tatu, nyumbani. Baba, zile saa 35 si za mama peke yake. Chukua 15. Usiseme "nitasaidia", maana anayesaidia anasubiri kuombwa. Sema "kuogesha na kulaza ni mimi, Jumatatu hadi Ijumaa," basi, imeisha. Mtoto akiumwa, mpokezane usiku: leo wewe, kesho yeye.

Na bibi. Huku Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo wa kwanza kuitwa ni bibi mzaa mama, ashuke kutoka Mgeta au Matombo. Raha tupu. Lakini bibi naye ana shamba, na masika haimsubiri mjukuu. Muombe, msikubaliane kwa simu ya haraka. Mwambie ni miezi mingapi, nani atamlimia, na lini atarudi kwake. Bibi si yaya wa bure. Dada wa kazi naye alipwe kwa wakati na apumzike, kwani bila yeye wengi wetu tusingefika hata muhula wa pili.

Kwa wanaonyonyesha: kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji yasizidi saa 4, na joto letu la Januari mnalijua, ukiweza yawahi friji. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chini ya miezi 6 maziwa yako yanamtosha, hata maji hahitaji.

Ukishapanga haya yote, rudia ile hesabu. Kama saa 49 za kulala bado zipo, lipa ada. Kama hazipo, usianze kwa kujikaza. Rudi kwa baba, kwa bosi na kwa bibi mpaka zipatikane.

Haya, nyumbani kwako zile saa 35 zimegawanywaje? Andika hapo chini, na kina baba pia mjibu. Sehemu ya 6 tutaongelea ada. Usiku mwema, mlale kweli.