Upepo unakadiriwa, na maji je?

Bahari iko mbali na Butembo na Beni, lakini kimbunga Freddy kinatufundisha. Mwezi wa 3, 2023, kabla hakijarudi kupiga pwani ya Msumbiji, wataalamu wa hali ya hewa walikadiria upepo wake kwa picha za sateliti: walitazama mawingu yanavyojizungusha na baridi yao kule juu. Kilipoingia Malawi upepo ulikuwa umepungua, ila mvua haikukoma. Blantyre, udongo wa mlima uliporomokea nyumba usiku. Malawi nzima, zaidi ya watu 1,000 walikufa ao hawakuonekana tena.

Sisi pia tunajenga kwenye vilima. Mvua ikidumu, tusingoje upepo. Tukiona ufa mpya ukutani ao katika udongo, tuhamishe watoto mbali na mteremko kabla ya giza.