Yaliyopita ni Ndwele: Ubaguzi wa Rangi na Sakramenti ya Kitubio



Ndugu msomaji mpendwa, tafakari ya juma lililopita, ambamo niligusia dhambi ya ubaguzi wa rangi, imeniletea majibu mengi kuliko nilivyozoea. Mengi yalikuwa ya shukrani, nayo nayaweka kando, kwa kuwa hayana la kunifunza. Moja tu limeninyima usingizi. Limetoka kwa mzee ninayemheshimu sana, katekista mstaafu, aliyewaandaa kwa Komunyo ya kwanza nusu ya watu wanaokaa leo katika mabenchi ya kanisa letu. Alinisubiri nje ya sakristia, akaniambia kwa upole wake wa siku zote: Baba Padre, watu weupe walitukosea, hilo halina ubishi, lakini Kristo alikwisha kutupatanisha pale Msalabani, na anayefukua makaburi na kudai fidia bado hajasamehe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Siku ile sikumjibu, maana wazazi wenye watoto wa ubatizo walikuwa wakiningoja. Namjibu leo, na namwomba radhi mapema iwapo kalamu itakuwa kali. Methali ile ni nzuri kwa majirani waliogombana kwa sababu ya kuku. Ikitumiwa kufunika dhambi ya ubaguzi inageuka kuwa mafundisho ya uongo. Yaliyopita ni ndwele, na ndwele haiponi kwa sababu mgonjwa amezoea kuchechemea.

Nitachukua kisa kimoja, na kwa makusudi nitakitoa ndani ya nyumba yetu wenyewe ya Kikatoliki, asije mtu akasema kwamba Padre anawarushia mawe wakoloni na madhehebu mengine.

Mwaka 1838, Wajesuiti wa Maryland, huko Marekani, waliuza watu 272. Walikuwa wanaume, wanawake, watoto, hata wachanga wa kubebwa. Watu hao walikuwa wakilima mashamba ya mapadre kwa vizazi kadhaa, na wengi wao walikuwa Wakatoliki waliobatizwa na kufungishwa ndoa na mapadre hao hao. Mkuu wa Provinsi, Padre Thomas Mulledy, alikubaliana na wanunuzi wa Louisiana bei ya dola 115,000. Sehemu ya malipo ya kwanza ililipa madeni ya chuo cha Georgetown, ambacho leo ni chuo kikuu chenye sifa duniani kote. Jina la kwanza katika hati ya mauzo ni Isaac. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: jina la mwana wa Abrahamu, yule ambaye Mungu mwenyewe aliuzuia mkono wa baba yake usimdhuru, limeandikwa na padre juu ya orodha ya bidhaa.

Roma ilijua. Mkuu wa Shirika lote, Padre Jan Roothaan, aliruhusu mauzo kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu waachiwe nafasi ya kuishi imani yao, na fedha zisitumike kulipa madeni. Masharti yote matatu yalivunjwa. Wapo waliotenganishwa na wenzi wao wa ndoa. Mwaka 1848 Mjesuiti mwingine, Padre James Van de Velde, aliwatembelea huko Louisiana, akawaandikia wenzake wa Maryland kwamba watu wao wa zamani wanaishi bila huduma ya kiroho iliyo ya haki yao, akaomba mchango ili wajengewe kanisa. Maombi yake hayakupata masikio.

Na Padre Mulledy je? Aliitwa Ulaya kujieleza, akakaa huko muda mfupi. Kufikia mwaka 1843 alikuwa amerudi Marekani, naye akawa rais wa kwanza wa chuo cha Holy Cross huko Massachusetts. Jengo moja la Georgetown likaitwa kwa jina lake. Wakati huo wale 272 walikuwa katika mashamba ya pamba na miwa. Kumbuka pia kwamba Desemba 1839, mwaka mmoja na nusu tu baada ya mauzo yale, Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa kwa waraka wa wazi. Basi mtu asiniambie kwamba watu wa zamani hawakujua kuwa ni vibaya. Dhamiri ilikuwepo. Kilichokosekana ni utayari wa kupata hasara.

Sasa, mzee wangu, narudi kwako, na nitakuhoji kwa katekisimu uliyoifundisha kwa miaka mingi. Ulitusimamisha watoto mmoja mmoja, fimbo ikiwa mezani, ukatuuliza: ili kupokea vema sakramenti ya Kitubio yatupasa kufanya nini? Nasi tulijibu kwa sauti moja: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha dhambi, kuungama kwa padre, na kutimiza malipizi. Mambo matano. Aliyetaja manne ulimrudisha nyuma ya mstari. Leo, katika dhambi kubwa kama hii, umeridhika vipi na mtu asiyetaja hata moja?

Maana ndivyo ilivyo. Tunapohubiri upatanisho wa watu wa rangi mbalimbali tunaanzia mwisho. Tunamgeukia aliyeumizwa na kumwambia: samehe. Aliyeumiza hatumwambii kitu, au tunamwambia apeane mkono wa amani, apige picha, arudi kwake. Mimi nikiwa katika kiti cha kitubio, akija mtu kuungama kwamba ameiba mbuzi wa jirani, namwuliza mbuzi yuko wapi. Akisema yuko zizini kwake, na kwamba ana mpango wa kuendelea kumkamua huku akimwombea jirani, siwezi kusema kuwa huyo ametubu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha waziwazi kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini halitengenezi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta, na kwamba kurudisha kilichoibwa ni dai la haki tu. Kwa mwizi wa mbuzi sheria hii tunaijua vizuri. Kwa mwizi wa watu tunaigeuza kuwa ushauri.

Zakayo tunamwimbia watoto wanapocheza kana kwamba habari yake ni ya kupanda mti. Kiini cha habari ile kiko mezani, baada ya mti. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anasikitika. Alisimama, akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu; na hapo ndipo Bwana aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Tazama pia kwamba Bwana hakutangulia kuwakusanya watu wa Yeriko na kuwahimiza wamsamehe mtoza ushuru ili amani ya mji isivurugike.

Najua hoja itakayofuata, kwa kuwa ni ya Maandiko. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anasema mwana hatabeba uovu wa baba yake. Ni kweli kabisa. Hakuna Mjesuiti aliye hai leo aliyemwuza Isaac, na hakuna anayepaswa kuungama dhambi ya Mulledy kama yake binafsi. Lakini hatia hairithiwi, mali hurithiwa. Mwana hachukui dhambi ya baba, ila akichukua shamba la baba akijua ni la dhuluma, sasa dhambi ni yake, nayo ni mpya kabisa, ya tarehe ya leo. Chuo kilichonusurika madeni kwa bei ya watoto wachanga bado kipo, na jina lake bado linafungua milango. Wazao wa watu wale nao wapo. Wengi wako hadi leo katika mji mdogo wa Maringouin, Louisiana, na wengi wao (hapa moyo wangu huinama) bado ni Wakatoliki. Waliishika imani ambayo wachungaji wao waliiuza pamoja nao.

Ni haki niseme pia yaliyofanyika baadaye. Tarehe 18 Aprili 2017, katika ibada ya toba huko Georgetown, mkuu wa Baraza la Wajesuiti, Padre Timothy Kesicki, alisimama mbele ya wazao hao akaungama kwa maneno ya sala ile ile tunayoanza nayo Misa huku tukijipiga kifua. Jengo la Mulledy likapewa jina la Isaac Hawkins. Mwaka 2019 wanafunzi, vijana ambao wengi wao hawana hata chembe ya lawama, walipiga kura, na theluthi mbili hivi wakakubali kutozwa dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao wale. Chuo hakikuitoza ada hiyo, kikaahidi kutafuta fedha kwa njia nyingine. Mwaka 2021 Wajesuiti waliahidi dola milioni 100 kwa mfuko wa ukweli na upatanisho ulioundwa pamoja na wazao hao. Mwaka uliofuata viongozi wa wazao walikuwa tayari wakilalamika hadharani kwamba ahadi inatembea kwa mwendo wa konokono.

Wapo wanaodhihaki jambo hili, wakiuliza kama roho ya mtu ina bei. Ajabu ni kwamba swali hilo halikuulizwa mwaka 1838, siku bei ilipokuwa ikipangwa.

Lingine, mzee wangu, ulisema madai haya yanavuruga umoja wa Kanisa. Nakuomba usome upya Wagalatia sura ya 2. Petro, mwamba mwenyewe, alikuwa akila pamoja na wasio Wayahudi kule Antiokia. Walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo akajitenga meza, na wengine wakamfuata. Paulo hakumvuta pembeni kunusuru heshima ya uongozi. Alimpinga ana kwa ana, mbele ya wote, kwa kuwa kujitenga meza kulikuwa kwenda kinyume cha Injili. Soma na Matendo sura ya 6: wajane wenye kusema Kiyunani walipunjwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwahubiria wanung'unikaji juu ya uvumilivu. Waliitisha mkutano, wakabadili utaratibu, na majina ya wale saba waliochaguliwa yote ni ya Kiyunani. Waliopunjwa walikabidhiwa ufunguo wa ghala. Kwa kifupi, Kanisa la mwanzo lilijua kutenda kile ambacho sisi tunakiita vurugu.

Na Bwana Mfufuka, jioni ya Pasaka, aliwapa wanafunzi amani na papo hapo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Msamaha anaweza kuutoa mmoja peke yake, hata mkosaji akiwa kaburini, na wazao wa Maringouin wamekuwa wakiutoa kila wanaposali Baba Yetu. Upatanisho unahitaji wawili, na yule wa pili hawezi kuupokea huku akikataa kutazama makovu.

Utasema hayo ni ya Marekani. La. Sisi wa pwani hii tuna Bagamoyo yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakanunua watumwa, hasa watoto, ili wawe huru, wakawajengea kijiji. Ni sura njema ya historia yetu, nami naienzi. Hata hivyo waliokombolewa wakalima mashamba ya misheni chini ya nidhamu kali, na wapo waliotoroka, jambo ambalo hatulisimulii kwenye hija. Tunapenda hadithi ambamo mweusi anaokolewa na mweupe anaokoa. Kila mmoja amezoea kiti chake ndani yake.

Nami ninajua ninachosema kuhusu viti. Miaka michache iliyopita, parokia yetu ilipoadhimisha jubilei, tulipata wageni wafadhili kutoka Ulaya. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilipanga mahali pa kukaa. Wageni, pamoja na vijana wawili waliokuwa wamekuja tu kutembea, niliwaketisha mbele chini ya turubai. Wazee wa jumuiya ndogondogo, waliolijenga kanisa lile kwa kubeba mawe kutoka mtoni, walisimama juani saa tatu nzima. Hakuna mgeni aliyedai kiti. Wengine waliona haya. Aliyebagua kwa rangi siku ile alikuwa padre mweusi katika parokia ya watu weusi, na alifanya hivyo akitabasamu. Mmoja wa waliosimama juani alikuwa katekista wetu mstaafu. Hakusema neno, na jioni alinisaidia kukusanya viti.

Nadhani alinisamehe siku ile ile, kwa maana ndivyo alivyo. Mimi sijawahi kumwomba radhi. Nimekuwa nikijiambia kwamba yamepita.

Nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Katika sherehe ya somo wa parokia yetu, viti vya mbele chini ya turubai ni vya wazee wa jumuiya, na mgeni yeyote, awe mfadhili, awe kiongozi, atakaa patakapobaki nafasi. Mzee wangu, chako kiko upande wa kulia, karibu na nguzo, ambapo kivuli hakiondoki hadi alasiri. Kabla ya baraka ya mwisho nitakuomba usimame, ili neno ninalokudai nikuambie mbele ya wale waliokuona juani.