"Nzuri" Peke Yake Haitoshi



Jumamosi iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alinionyesha picha aliyoipiga kwa simu ya mama yake juu ya Beacon Hill, kule kwenye vilima vya Lickey. Jiji letu la Birmingham lilionekana kwa mbali. Nikaitupia jicho, nikamwambia, "Nzuri sana!" Akanijibu kwa Kiingereza, "Mwalimu, unawaambia watu wote hivyo."

Alisema kweli. Mtoto akituletea picha, "nzuri" peke yake hufunga mazungumzo. "Mbona imepinda?" nayo huyafunga. La kwanza halimfundishi kitu, la pili humfanya asilete picha nyingine. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Basi nikamwomba tuanze upya. Nikamwuliza, "Ulitaka nione nini?" Akafikiri, kisha akajibu kwa Kiswahili, "Mvua. Inakuja."

Kumbe! Mimi nilikuwa nimetazama majengo tu. Nikaanza na kilichofanikiwa: "Lile wingu zito la kushoto linanifanya nisikie baridi." Halafu nikataja jambo moja tu la kurekebisha. Nyasi zilijaza zaidi ya nusu ya picha, na anga, ambako ndiko mvua ilikuwa, ikabakiwa na ukanda mwembamba. "Je, ungeinua simu kidogo, upeo wa macho ukashuka hadi theluthi ya chini, ingekuwaje?" Akaitazama tena, akasema, "Mvua ingekuwa kubwa. Na hapa pamelala, nitanyoosha." Kupinda kwake aliona mwenyewe.

Hiyo ndiyo njia ninayowaomba tuifuate nyumbani: uliza alitaka kuonyesha nini, taja kilichofaulu na mahali kilipo, kisha pendekeza jambo moja analoweza kulijaribu. Asiyejua kamera naye anaweza. Kama picha inapinda kila mara, mwonyesheni jinsi ya kuwasha vile vistari vya kamera ya simu. Ushauri uwe unaotekelezeka: "Ungengoja jua lishuke" unafaa katikati ya Desemba, jua linapozama hapa kabla ya saa kumi jioni. Mwishoni mwa Juni, jua likikaa hadi saa tatu na nusu usiku, mtoto awe amelala.

Najua wapo watakaosema, "Ni watoto, waacheni wafurahi." Nakubali wafurahi. Lakini mimi ni muuguzi, na mgonjwa akiniuliza kidonda chake kinaendeleaje, "vizuri" haimtoshi. Anataka kujua kimepona wapi na leo afanye nini. Mtoto naye anastahili jibu la namna hiyo.

Tena kuna lugha yetu. Huwezi kuzungumzia picha hivi bila kusema upeo wa macho, kivuli, ukungu, mwanga, theluthi, mbele na nyuma. Mtoto anayesikia "nzuri" kwa miaka kumi atabaki na "nzuri" tu, na akiwa na jambo kubwa la kusema, atalisema kwa Kiingereza.

Wanafunzi, Jumamosi ijayo kila mmoja alete picha moja ya mandhari: mfereji, bustani, hata paa za mtaa wenu. Wazazi, njooni na swali. "Nzuri" iachwe nyumbani.