Ujira wa Akina Mama Vibarua

Mtu apitaye barabara itokayo Ngara mjini kwenda mpakani Kabanga katika msimu wa palizi hukutana na jambo ambalo tumelizoea mno hata hatulioni tena. Akina mama wamejipanga kando ya njia, majembe begani, baadhi yao na watoto mgongoni, wakisubiri kuchukuliwa na mwenye shamba. Vijana wa kiume nao wapo. Wote huingia shamba moja, hulima udongo mmoja, hunyeshewa mvua moja. Jioni mnyapara afunguapo daftari lake, ndipo jasho linapopata jinsia: la mwanamume lina bei yake, na la mwanamke lina bei yake iliyo chini.

Hayo siyasemi kwa kusimuliwa. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kupiga kambi Benaco, ndizi na maharage ya wilaya yetu yalipata soko ambalo halijapata kuonekana, na wenye mashamba wakaongeza vibarua. Nilikuwa mtoto wa shule, alfajiri kwa maalim chuoni, kisha darasani. Na siku za likizo nilikwenda kulima kibarua pamoja na mama yangu mdogo. Siku moja nilimaliza ngwe mbili kwa taabu kubwa. Yeye alimaliza tatu, na ya nne akanisaidia mimi. Jioni nililipwa zaidi yake. Nilipouliza, nikidhani hesabu imekosewa, mnyapara alinitazama kwa mshangao akasema, "Kijana, wewe ni mwanamume." Mama mdogo hakusema neno. Alifunga fedha zake katika pindo la khanga tukarudi nyumbani.

Wakati huo nilikwisha kuihifadhi Sura ya An-Nisaa, na aya yake ya 32 isemayo kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Niliisoma kwa sauti nzuri na tajwidi sahihi. Ila sikuwahi kuipeleka shambani.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili limekwisha amuliwa, kwa hiyo hapana haja ya kulipigia kelele. Ni kweli limeamuliwa, tena mara nyingi. Katiba yetu ya 1977, kwa mabadiliko ya 1984 yaliyoingiza haki za binadamu, inasema katika ibara ya 23 kwamba kila mtu, pasipo ubaguzi wa aina yoyote, anastahili ujira unaolingana na kazi yake. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, mkataba wa mwaka 1951 unaodai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Miaka miwili baadaye Bunge likatunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ambayo kifungu chake cha 7 kinamwagiza mwajiri achukue hatua za dhahiri kuhakikisha usawa huo. Na kabla ya yote hayo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha tuambia pasipo kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Sisi wana-Chama tuliisoma ibara hiyo madarasani, tukacheka, tukaendelea na likizo.

Serikalini kanuni hii inatekelezwa. Mwalimu wa kike na mwalimu wa kiume wa daraja moja hupokea mshahara mmoja, na hakuna shule iliyoanguka kwa sababu hiyo. Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, aliapishwa kuwa Rais. Wala hapana aliyesimama kupendekeza kwamba mshahara wa kiti hicho upunguzwe kwa kuwa aliyekikalia ni mwanamke. Kwa nini basi mwenye daraja la juu kabisa apimwe kwa kazi yake, na mwenye jembe apimwe kwa maumbile yake?

Jibu ni kwamba ubaguzi wa siku hizi haujitaji kwa jina. Hakuna mwajiri atakayeandika kuwa anawalipa wanawake kidogo. Atakachofanya ni kuipa kazi yao jina dogo. Kubeba gunia ni kazi nzito. Kuchambua maharage yaliyomo katika gunia hilo, mtu akiwa amekunja mgongo tangu saa moja asubuhi hadi jioni katika vumbi la ghala, ni kazi nyepesi. Kuchimba shimo la mgomba ni kazi. Kuchota maji ya kumwagilia miche ni msaada. Jina likishapatikana bei hufuata, na daftari huonekana safi.

Hila hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 1968, huko Dagenham nchini Uingereza, wanawake 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford waligoma, kwa sababu kazi yao ilikuwa imeandikwa kuwa haihitaji ujuzi, ilhali hawakuajiriwa ila baada ya kupimwa ujuzi huo huo. Viti vilipokosekana, magari yakasimama. Mgomo wao ulisaidia kuzaa Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970. Lakini yafaa ikumbukwe na wanaodhani sheria humaliza kazi: akina mama wale walipandishwa daraja walilodai mwaka 1984, yaani miaka 16 baada ya mgomo. Nyongeza ya ujira waliipata upesi. Jina la haki la kazi yao ndilo lililochelewa.

Sasa niwageukie ndugu zetu wa visiwani, wa Bumbire, Goziba, Kerebe na Ikuza, na wa Ukerewe ng'ambo ya maji, maana gazeti hili linawafikia pamoja na samaki wakiteremshwa. Kwenu dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Alfajiri mtumbwi ufikapo pwani, gharama za mafuta na za taa hutolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa mafungu: fungu la tajiri mwenye mtumbwi na fungu la wavuvi. Hapo kazi ya mwanamume imekwisha, naye huenda kulala, jambo ambalo ni haki yake kwa kuwa amekesha. Kazi ya mwanamke ndiyo kwanza inaanza. Ni yeye abebaye, aanikaye juu ya mchanga, juu ya mawe au juu ya vichanja, ageuzaye, afukuzaye ndege, akusanyaye mbio mbio wingu litandapo. Dagaa asiyekaushwa hafiki Mwanza wala Kigali; ni mbolea tu. Hata hivyo mwanamke huyo hana fungu. Hulipwa kwa ndoo au kwa karai, kiasi atakachotaja tajiri. Na kama aliwanunua dagaa wale kwa fedha yake mwenyewe, mvua ikinyesha hasara yote ni yake. Aliye majini anashiriki bahati ya chombo, lakini aliye mchangani anashiriki mkosi peke yake. Sijasikia sababu ya haki ya mpango huo, nami nimeuliza kwa watu wazima wenye mitumbwi.

Tena ni ajabu kwamba jambo hili liwe gumu visiwani, kwani kisiwa cha Ukerewe ndicho kilichomzaa Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambako suala la malipo sawa liliwekwa katika maazimio ya mataifa. Na wavuvi wa kisiwa kingine cha mbali, Iceland, walipata somo lao tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake karibu wote wa nchi hiyo walipoacha kazi kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Viwanda vya samaki vilifungwa, na wanaume wakaenda kazini wamebeba watoto. Mwaka uliofuata sheria ya usawa ikapitishwa.

Nazijua hoja za upande wa pili, kwa sababu nimezisikia vikaoni, na baadhi yake, Mungu anisamehe, nimepata kuzitoa mwenyewe. Ya kwanza husema kwamba mwanamume ana familia ya kulisha. Lakini ujira haupimwi kwa idadi ya midomo nyumbani. Ingekuwa hivyo kapera angelipwa nusu, na mwenye watoto wanane angelipwa kama mkurugenzi. Isitoshe, mjane wa Kabanga halishi paka. Ya pili husema kwamba mwanamke hupoteza muda kwa kunyonyesha. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na haikusema kwamba saa hizo zikatwe katika ujira. Ya tatu ni ya nguvu za mwili, nayo hujibiwa na ngwe yenyewe: kama kazi imepimwa kwa hatua, ardhi iliyolimwa haijui imelimwa na nani.

Wapo pia viongozi wenzangu ambao, suala la ujira litajwapo, hujibu kwa mikopo: ati halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ni jambo jema. Lakini mtu hawezi kukopeshwa haki yake, kisha akatakiwa kuirejesha.

Nayasema haya sasa kwa sababu Kabanga haitabaki kama ilivyo. Nikeli iliyo chini ya ardhi yetu imetafitiwa tangu miaka ya 1970, na Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa Kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Mgodi umepangwa kuwa wa chini ya ardhi. Zamani hilo peke yake lingetosha kumfungia mwanamke mlango, maana Mkataba Na. 45 wa mwaka 1935 wa Shirika la Kazi Duniani ulikataza wanawake kufanya kazi za mikono chini ya mgodi. Mwaka 2024 Shirika hilo hilo liliufuta mkataba huo. Kwa hiyo ikiwa binti zetu hawataonekana katika udereva wa mitambo, katika umeme na katika upimaji wa miamba, wakabaki kufagia na kupika tu, tusiusingizie mkataba. Sababu itakuwa kwamba hatukuwapeleka VETA walipokuwa na miaka 18, au kwamba waliomba kazi na majina yao yakaruka mstari.

Waheshimiwa maofisa, mlalamikaji wa Ngara akitaka kuonana na wakubwa wa kazi mkoani Bukoba atatumia kutwa nzima ndani ya basi, na wa Goziba atavuka ziwa kwanza. Kibarua anayelipwa kwa siku hana siku hiyo ya kupoteza. Basi Afisa Kazi amfuate alipo, walau wakati wa palizi na wakati wa mavuno ya kahawa, na aende mialoni mwezi ukiwa mwangavu, mitumbwi ikiwa imelala na watu wana nafasi ya kusema. Awaeleze pia jambo ambalo wengi hawalijui: kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, sheria humtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakubagua.

Na vijiji visingoje. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kijiji kinachoweza kumtoza faini mwenye mbuzi aliyeingia shambani kinaweza pia kuamuru kwamba bei ya ngwe, ya gunia na ya karai ibandikwe ubaoni katika ofisi ya Mtendaji, bei moja kwa yeyote aliyefanya kazi hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao wa Kabanga nitasimama kupendekeza kwamba kila mwenye shamba kubwa alete daftari lake la vibarua, nalo lisomwe mbele ya watu, jina kwa jina na malipo kwa malipo. Nimekwisha kuambiwa kwamba wapo watakaokasirika. Mmoja wao ni shemeji yangu.