Je, Kitabu Ulichonunua ni Chako?

Siku hizi husemwa ya kuwa vitabu vya karatasi vimepitwa na wakati, kwa kuwa chombo kimoja chembamba chaweza kubeba maktaba nzima. Sikatai faida yake, wala mchwa hawakili. Lakini nina neno moja.

Mwezi wa Julai, 2009, kampuni ya Amazon ya Marekani ilifuta vitabu viwili vya George Orwell, kiitwacho 1984 na kile ambacho kwa Kiswahili ni Shamba la Wanyama, katika vyombo vya Kindle vya watu waliokwisha kuvinunua. Sababu ni kuwa aliyeviuza humo hakuwa na haki navyo. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa ameandika maelezo ya masomo yake juu ya kurasa hizo. Kurasa zikatoweka, maelezo yakabaki bila maana.

Mwenye duka akiuza mali isiyo yake, haingii nyumbani mwako usiku kuitwaa, hata akiacha fedha mezani. Kumbe vitabu hivi hatupewi. Twaruhusiwa kuvitumia tu. Basi heri wauzaji waseme "kodi", wasiseme "nunua".

Kwa hiyo, wenzangu, na ninyi mliokwisha hitimu mnaosaidia shule, makabati yetu ya vitabu yasiondolewe. Chombo na kije, kiwekwe kando yake.